Mpishi wa Shule na Makopo Matatu ya Baruti

Kwa miaka thelathini na mmoja Arlene Kucera aliwapikia chakula cha mchana watoto wa shule ya Dubrava, Nebraska, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kulalamika kwamba chumvi imezidi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wasaidizi wake wa jikoni: kila kitu alikipima. Wenzake walinyunyiza mdalasini kwa macho, yeye alipima. Walimimina maziwa kwa kukadiria. Yeye aliinama, akafumba jicho moja, akahakikisha yamefika kwenye mstari. Alhamisi, siku ya maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini, hata watu wazima walipitia mlango wa nyuma na visingizio vyao, huyu kaleta barua, yule anakagua bomba, alimradi kila mmoja aondoke na mkate wake mkononi.

Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani na keki kubwa. Keki aliioka mwenyewe, maana hakuna aliyethubutu kumwokea. Wengi walidhani sasa atakaa barazani afume soksi. Hao walikuwa wamesahau kwamba kila Jumapili baada ya misa Arlene hubadilisha viatu, huweka sanduku la kijani kwenye gari lake, na kuelekea kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, kule karibu na mto, kwenda kupiga bastola.

Mambo yalianza na mumewe. Leonard Kucera alikuwa fundi wa matrekta na mpenzi mkubwa wa shabaha. Arlene alikuwa akimsindikiza tu. Alikaa ndani ya gari na sindano zake za kufumia na chupa ya kahawa, wakati wanaume wakihangaika na sahani za chuma: sita zimepangwa mstari mmoja, kila moja pana kama sahani ya kulia, na mpigaji anapewa sekunde sita aziangushe zote. Jumapili moja, Arlene akiwa na miaka arobaini na minne, uvumilivu ulimwisha. Akateremsha kioo cha gari.

"Leonard! Unafumba macho kabla hujafyatua."

"Uko ndani ya gari huko, macho yangu unayaonea wapi?"

"Miaka ishirini na miwili nayaona hayo macho. Na mdomo unaukunja kama mtu anayekunywa dawa."

Wanaume wakaangua kicheko. Leonard akazitoa risasi zote ndani ya bastola, akaiweka mezani, akamwashiria mkewe kwa mkono. "Haya, mama. Shuka uje utufundishe."

Arlene akashuka. Wakamwonyesha pa kushika na pa kutazama, wakampa risasi sita. Sahani nne zikaanguka, ya tano ikatikisika tu, ya sita hakuigusa.  Arlene akaiweka bastola mezani taratibu, akajisugua kiganja.

"Inapiga teke kama nyumbu," alisema. "Hamna nyingine yenye adabu?"

Juma lile lote Leonard alijifungia kwenye chumba chake cha kazi. Pale Dubrava, kama ilivyo kwa wapigaji wengi wa mashindano, watu hawanunui risasi dukani, wanazijaza wenyewe. Ganda la shaba likishapigwa huokotwa, husafishwa, huwekewa kitakoni fataki mpya ya kuiwasha baruti, hutiwa baruti kwa kipimo, kisha kichwa cha risasi hukandamizwa juu yake kwa mashine ya mkono. Anayejaza mwenyewe anaweza kuipa risasi tabia anayoitaka. Akitaka kali ataipata, na akitaka pole ataipata pia, ilimradi awe amechagua baruti sawasawa. Jumapili iliyofuata Leonard alimletea mkewe risasi hamsini ndani ya kopo la kahawa. Arlene akapiga. Bastola ikasukuma kiganja chake polepole, kama mtu anayekugusa bega akupishe mlangoni, na sahani zikalala chali moja baada ya nyingine.

Basi ikawa hivyo kwa miaka kumi na saba: Leonard anajaza, Arlene anapiga. Alishinda vikombe hadi akaanza kupandia maua ndani yake. Leonard mwenyewe hakuacha kufumba macho, wala hakuacha kujivunia. Kisha vuli moja, katikati ya msimu wa mavuno, moyo wa Leonard ukasimama akiwa chini ya mashine ya kuvunia mahindi ya jirani, na bisibisi bado mkononi.

Baada ya mazishi Arlene aliingia kwenye kile chumba cha kazi. Rafuni akakuta makopo kumi na moja ya kahawa yaliyojaa risasi, na kila moja limeandikwa kwa kalamu nene: ZA ARLENE. Akakaa kwenye kigoda cha mumewe akalia mpaka akatosheka, kisha akahesabu makopo, akajiambia kwamba akitumia kwa akili yatamfikisha mbali. Yalimfikisha miaka minne. Majira ya kuchipua ya mwaka wa tano alifungua kopo la mwisho akaona chuma cha chini kinang'aa. Zilibaki risasi ishirini. Akalifunika kopo, akalirudisha rafuni, akatoka.

Mashindano ya jimbo yalikuwa Septemba. Arlene alikuwa na mashine ya Leonard, alikuwa na maganda yaliyosafishwa ndoo mbili, na alikuwa na daftari la Leonard ambamo kila kitu kiliandikwa kwa mwandiko wake wa kubanana. Kilichokosekana ni kimoja tu. Baruti aliyoitumia Leonard ilikuwa imeacha kutengenezwa, na hakuna duka lililokuwa nayo hata kwa dawa.

Habari ikamfikia shemeji yake. Emil, mdogo wa Leonard, alikuwa mkulima wa mahindi, mrefu kama nguzo ya umeme, naye alikuwa mpigaji wa sahani kama wao, ila yeye alipiga zaidi kwa mdomo. Jumanne asubuhi aliingia jikoni kwa Arlene bila kubisha hodi, amebeba chupa ya kioo iliyowahi kuwekewa matango ya siki. Ndani mlikuwa na vipande vidogo bapa vya kijivu, nusu chupa.

"Shemeji, kaa chini," alisema. "Nimekuletea dhahabu."

"Nitakaa mikate ikishaiva. Nini hicho?"

"Baruti ya Leonard. Ile ile yenyewe. Alinigawia kwa mkono wake, mwaka ule wa mafuriko."

Arlene akajipangusa mikono, akafungua kifuniko, akanusa. Harufu ikampanda puani, ile harufu kali tamu kidogo, ya chumba cha kazi jioni Leonard akiwa amevaa miwani yake iliyofungwa kwa waya.  

"Kopo lake liko wapi?" Arlene akauliza.

"Kopo gani?"

"Kopo lililokuja na baruti hii. Lenye jina."

"Jina nakwambia mimi."

"Wewe juzi umemwita mkeo kwa jina la ng'ombe."

"Ulimi uliteleza! Na ng'ombe mwenyewe ni mzuri sana."

"Emil, nisikilize. Baruti zote zinafanana. Vipande hivi hivi vya kijivu viko vya namna nne tano, na kipimo kinachokuwa pole kwa hii kinaweza kuipasua bastola kwa ile. Nina mikono miwili tu, na yote naipenda."

"Kwa hiyo huniamini."

"Nakuamini wewe. Chupa ya matango ndiyo siiamini. Miaka thelathini na mmoja sijawahi kuwafungulia watoto wa watu kopo lisilo na karatasi. Sianzi leo."

Emil akachukua chupa yake, akachukua na mkate mmoja wa mdalasini, akaondoka amenuna mpaka masikio. Arlene alimtazama kupitia dirishani hadi gari lilipopotea nyuma ya ghala la nafaka. Moyo ulimuuma, maana sehemu yake moja ilitamani sana kuamini.

Alhamisi alienda mji mkubwa, kwenye duka la vifaa vya uwindaji la Dwight Osterman. Dwight alikuwa mzee mkavu mwenye masharubu ya njano kwa tumbaku, na mwaka ule uso wake ulikuwa wa huzuni, kwa kuwa baruti zilikuwa zimeadimika nchi nzima na rafu zake zilikuwa wazi kama meno ya mtoto wa miaka saba.

"Bi Kucera, nina makopo matatu," alisema. "Kila moja aina yake. Wenzako wameyapita."

"Wameyapita kwa nini?"

"Kwanza niambie wewe unatafuta nini. Mtu akinijia kutafuta baruti nzuri namrudisha nyumbani. Nzuri ya nini? Bastola gani, kichwa cha uzito gani, unapiga nini?"

"Naangusha sahani za chuma. Kichwa kizito, cha madini ya risasi pekee. Na viganja vyangu," akainua mikono, vifundo vimevimba, "vina baridi yabisi. Nataka isinipige teke, lakini sahani ikiguswa ilale."

Dwight akakuna masharubu. "Yaani unataka mume mpole anayeogopwa na majirani."

"Nilikuwa naye," alisema Arlene. "Sasa natafuta baruti."

Wakacheka wote wawili, na Dwight akamwekea makopo yote matatu juu ya kaunta. La kwanza, jeupe, lilikuwa na punje laini za mviringo. La pili, jekundu, lilikuwa na vipande vyembamba. La tatu lilikuwa jeusi, na juu yake kulikuwa na vumbi. Arlene akayachukua yote, na kitabu kipya cha vipimo kilichochapishwa na watengenezaji.

Alivyofanya kazi ile mtu asingesema ni mwanafunzi. Alisafisha meza. Aliweka juu yake kopo moja tu kwa wakati mmoja, yale mengine yakabaki kabatini, ili isije ikatokea akarudisha baruti hii kwenye kopo la ile. Simu ilibaki jikoni. Redio ilizimwa. Kitabu kilimpa kipimo cha chini na kipimo cha juu cha kila aina, naye akaanza chini kabisa, risasi kumi kumi, kila kumi zimeandikwa. Baada ya misa, pale kwenye machimbo, alipiga akiwa ameegemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, mbele ya kifaa cha klabu cha kupimia mwendo wa risasi, na kila kitu akakiandika kwenye daftari la Leonard, ukurasa uliofuata ule wa mwisho alioandika mumewe.

Baruti ya kopo jeupe ilimfurahisha mikononi. Ilitiririka kwenye kipimio, kile chombo cha kumiminia baruti, kama chumvi kavu, kila mara kiasi kile kile. Lakini ilikaa kidogo mno ndani ya ganda, chini kabisa. Arlene alichungulia kwa tochi, akaona kwamba mtu akipitiwa na usingizi akaijaza mara mbili, zote mbili zitaingia na wala hataona tofauti. Tena kwa kipimo cha chini haikuungua yote; ilimwaga punje juu ya meza na mwendo wa risasi ukawa wa kupanda na kushuka. Kwa wapenda risasi kali ingefaa. Akaandika: *Nzuri, si yangu.*

Ya kopo jekundu karibu imchukue moyo. Ilikuwa safi, pole, na matundu kwenye karatasi yalikusanyika hata ungeyafunika kwa kifuniko cha soda. Juma zima Arlene alitembea akiimba. Kisha ikaja Jumapili ya baridi isiyo ya msimu wake, ukungu juu ya mto, na risasi zile zile zikalegea. Alipiga sahani katikati kabisa, akasikia *ting*, sahani ikatikisa kichwa kama mtu anayekataa chai, ikabaki imesimama.

"Umeibembeleza mno," akasema mzee mmoja wa klabu.

"Imenibembeleza yenyewe," alijibu Arlene, na akafungasha.

Siku hiyo hiyo mchana simu ililia. Alikuwa Bernice, mke wa Emil, na alikuwa anaongea kwa sauti ya chini ya mtu aliyejificha kwenye stoo.

"Wifi, njoo. Huyu mtu ameamua kuijaza yeye. Ile ya chupa. Anasema atakuonyesha."

Arlene hakuvua hata aproni. Alimkuta Emil kwenye ghala lake, ameketi mbele ya mashine, chupa ya matango mezani, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto anayeandika. Bernice alikuwa mlangoni amekunja mikono.

"Emil," alisema Arlene, "kabla hujavuta huo mkono wa mashine, nijibu swali moja nikuache. Leonard alikugawia baruti hii wapi?"

"Si nimekwambia. Mwaka wa mafuriko."

"Sikuuliza lini. Wapi?"

"Pale... kwenye ushirika wa wakulima. Nyuma, kwenye mizani ya magari."

"Mwaka wa mafuriko Leonard alikuwa amevunjika mguu. Majira yote ya joto hakutoka nyumbani. Nilikuwa namwogesha mimi."

 Macho ya Emil yakahama kutoka kwenye chupa kwenda kwa Arlene, kisha kwa mkewe. Wekundu ukampanda kuanzia kola.

"Basi atakuwa Vaclav," alisema taratibu. "Yule mzee Vaclav wa ushirika. Ndiyo. Alikuwa anauza vitu vyake, anahamia kwa binti yake." Akaisukuma chupa mbali naye. "Vaclav alikuwa mwindaji wa bata."

"Wa bunduki kubwa," alisema Bernice.

"Wa bunduki kubwa. Si ya bastola hii," Emil akakubali, sauti imemwishia.

 Emil aliinuka kutoka kwenye kigoda kama mtu anayeondoka kwenye kiti chenye nyoka. Kisha Bernice akaanza, kicheko cha tumboni kisichoshikika, Arlene akamfuata, na mwisho Emil mwenyewe akajiegemeza kwenye trekta akicheka huku anapangusa macho. Wakaichukua ile chupa wote watatu, wakaenda nyuma ya nyumba, wakaitawanya baruti nyembamba juu ya majani mabichi, kwa kuwa mvua ikishaipiga huwa ni mbolea tu.

"Nilitaka iwe yake," Emil alisema, akitazama nyasi. "Nilitaka sana, shemeji. Nikaikumbuka hivyo."

"Mimi pia nilitaka," alisema Arlene. "Karibu nikubali pale jikoni."

Kuanzia siku hiyo Emil akawa mtu wa kushika saa na kuandika namba. Likafuata kopo jeusi. Vipande vyake vilikuwa vikubwa, vimekunjamana kama shayiri ya uji, na Emil alipoviona alipasuka kwa kicheko.

"Hii hata babu yangu aliikimbia! Ina moshi, ina masizi, inakwama kwenye kipimio. Baruti ya kizee."

"Na mpigaji ni kizee. Tutaelewana."

Ni kweli ilikuwa inakwama. Ukiiacha iteremke yenyewe kwenye kipimio, mara inatoka pungufu, mara inatoka imezidi, na ndiyo sababu wenye haraka waliiacha ikaota vumbi kwa Dwight. Arlene akakiweka kipimio kando. Akaleta kijiko kidogo na mizani ya Leonard, akapima kila risasi peke yake, kijiko kwa kijiko, punje ya mwisho akiidondosha kwa kukigonga kijiko kwa kidole. Risasi mia zilimchukua mchana mzima. Emil alitazama mara moja akasema angependelea kung'olewa jino. Lakini Arlene aliona jambo lililomfurahisha: baruti ile ilijaza ganda karibu mpaka ukingoni. Alijaribu makusudi kutia mara ya pili, ikafurika ikamwagika mezani. Kosa kama hilo lisingeweza kujificha hata angekuwa anasinzia.

Ikabaki kuijua tabia yake. Arlene alianza chini, akapanda kidogo kidogo ndani ya mipaka ya kitabu, Jumapili baada ya Jumapili. Kwa kipimo cha tatu sahani zilianza kulala. Kwa cha nne zililala bila ubishi. Lakini je, teke lake ni lile? Hakuwa na njia ya kujua kwa namba. Jumapili ya mwisho ya Julai alileta kopo la kahawa, lile la mwisho.

Emil alilitambua. "Arlene, hizo si za kupiga. Hizo ni za kuweka."

"Leonard hakuzijaza niziweke kabatini."

"Lakini ndizo za mwisho."

"Najua, shemeji. Nimezihesabu."

Akapanga risasi mezani: tano za Leonard, tano zake, tano za Leonard, tano zake, mpaka zile ishirini ziishe. Alipiga bila haraka. Wengine pale kwenye machimbo waliweka silaha zao chini wakasimama nyuma yake, na hakuna aliyeambiwa afanye hivyo. Kila sahani iliyoguswa ilianguka. Alipomaliza zile tano za mwisho za mumewe, Arlene alishusha bastola, akaiacha wazi mezani, akavua miwani akaipangusa kwa upindo wa shati.

"Basi?" Emil aliuliza. "Zimefanana?"

Arlene alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kupima, na hakutaka kusema uongo hata wa kujipendezea.

"Zangu ni pole zaidi kidogo," alisema. "Aliniacha nikiwa na mikono yenye nguvu kuliko hii. Angekuwepo, naye angepunguza."

Akaokota maganda yote, yake na ya Leonard, akayatia ndoo moja.

Asubuhi ya mashindano ya jimbo ilikuwa mbaya: upepo wa kaskazini unaopenya koti, mvua ya rasharasha, na wapigaji sitini wamejikunyata chini ya mabati wakipulizia vidole. Kuna waliokuwa na bastola za thamani zenye vioo vya kulengea. Kijana mmoja wa Omaha, askari wa trafiki mwenye kifua kama mlango, aliona moshi wa Arlene wakati wa kujipasha moto akamwambia kwa utani, "Mama, unachoma takataka?"

"Nachoma ndimi za wanaodharau wazee," alijibu, na mstari mzima ukacheka, askari mwenyewe akiwa wa kwanza.

Sahani arobaini na nane, kutoka umbali wa yadi kumi hadi yadi ishirini na tano. Emil alipiga kabla yake, akaangusha arobaini na nne, akarudi anatembea kama jogoo.

"Arobaini na nne, shemeji. Upepo wote ule. Ukinishinda leo nitakula kofia yangu."

"Iloweshe kabisa, maana ni ngumu."

Arlene akasimama. Katika zile kumi na mbili za karibu hakukosa hata moja. Yadi kumi na tano, kumi na mbili tena. Kwenye yadi ishirini upepo ulimsukuma bega akakosa moja. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, lakini bastola haikumpiga. Ilisukuma tu na kurudi mahali pake, ilisukuma na kurudi. Kwenye yadi ishirini na tano akakosa moja ya mwanzo, kisha nyingine. Zikabaki sita za mwisho. King'ora kikalia. Tano zikaanguka. Ya sita risasi iligusa ukingoni, juu kushoto, mahali ambapo risasi legevu huteleza tu na kupita. Sahani ikainama nyuma, ikasita, watu wote chini ya bati wakainama pamoja nayo, halafu ikaanguka kwa kishindo.

"Arobaini na tano!" mwamuzi akaita.

Emil alivua kofia, akaitazama mbele na nyuma. "Ina mafuta ya trekta hii," alisema kwa unyonge. "Nitaumwa."

Yule askari wa Omaha ndiye aliyeshinda. Aliangusha zote arobaini na nane, na hakuna aliyemwonea wivu. Arlene alishika nafasi ya nne kati ya watu sitini. Wakati wanakula soseji na kabichi hemani, askari yule alimjia na sahani yake akaketi.

"Mama, nieleze. Unajaza nini? Sijaona bastola inayotulia vile."

Arlene alimtajia jina la kopo jeusi bila kusita.

"Na kipimo?"

"Hicho sikupi. Si uchoyo, mwanangu. Bastola yako si yangu, kichwa chako si changu. Nunua kitabu, anza chini, panda polepole. Na kata kucha, maana utapima kwa kijiko."

"Kila risasi?"

"Kila risasi."

Kijana akaguna, akatazama mikono ya Arlene yenye vifundo vilivyovimba, akaandika jina la kopo kwenye kitambaa cha karatasi.

Maneno husafiri. Kabla theluji ya kwanza haijaanguka, watu saba walikuwa wamempigia simu Arlene wakitaka kufundishwa, na mkuu wa zimamoto akampa ukumbi wa kituo chao kila Jumamosi saa nane mchana. Walikuja mwalimu wa hesabu, wakulima wawili, muuguzi aliyekuwa akilishwa maharage ya Arlene akiwa darasa la pili, mume na mke waliogombana njia nzima, na Emil, ambaye alikaa mbele kabisa ingawa alikuwa akijaza risasi tangu ujana wake.

Arlene alifunga aproni. Alitandika karatasi safi mezani, akaweka juu yake mizani, kijiko, kitabu na kopo moja.

"Simu zenu kwenye kapu lile," alisema. "Kahawa mtakunywa tukimaliza. Mwenye swali aulize kabla ya kupima, si wakati anapima. Emil, hilo linakuhusu."

"Mimi sijasema kitu!"

"Ulikuwa unavuta pumzi."

Wakacheka, wakasogeza viti. Arlene akavaa miwani, akafungua kitabu kwenye ukurasa wa kwanza, akamwomba muuguzi asome kwa sauti.